Gofu la Mirathi Mikindani: Wasanii Wapewe Chumba au Karatasi?

Kikundi kimoja cha wasanii wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani ya Mtwara, kilifanya kazi kwa miaka mingi kwenye gofu la nyumba ya mawe lisilo lao. Mwenye nyumba aliwaruhusu kwa mdomo. Walimlipa kidogo walipopata, wakafagia ua, wakawazuia watoto wasichezee kuta mbovu. Mzee alipofariki, mambo mawili yalifika kwa pamoja. Warithi walianza kuvutana juu ya kuuza, na asasi moja ya hisani, ambayo kazi yake ni kuwatafutia wasanii nafasi za gharama nafuu, ikaja na fedha za ukarabati zinazotakiwa ziishe ndani ya mwaka mmoja wa bajeti.

Swali lilikuwa jepesi kwa sura: wakubali fedha, gofu litengenezwe? Wengi walisema ndiyo hapo hapo. Ninavyoona mimi, jibu sahihi wakati ule lilikuwa "bado". Fedha za hisani zikitangulia karatasi, yaani hati na mkataba, zinapandisha bei ya nyumba ya mtu, kisha zinawatoa nje walewale waliokusudiwa kusaidiwa.

Majina nimeyaacha yote. Hesabu za shilingi ni za mfano, nimeziweka ili msomaji aone mgawanyo unavyokwenda.

Kazi inayofanyika pale

Asubuhi ua ni wa wachongaji. Wanakaa chini ya mwembe na tezo na patasi, magogo ya mpingo yakiwa yamelazwa kivulini yasipasuke kwa jua. Barazani wanakaa kina mama wa ukili na mikeka. Jioni, baada ya swala ya alasiri, vijana wanafanya mazoezi ya sindimba na ngoma nyingine za kusini. Ndani, chumba kimoja tu kilichobaki na dari kinatunza ngoma, mavazi na vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kwenye ngoma. Wapo pia makungwi wawili ambao wasichana wa mtaa huwafuata pale kwa mambo ya unyago, na hao hawataki mgeni asogee.

Ninaeleza haya kwa sababu andiko la asasi lilizungumzia "studio" sita zenye kuta nyeupe na mlango kila moja. Mchongaji wa mpingo hahitaji chumba cheupe. Anahitaji kivuli, sakafu ngumu, upepo wa kuchukua vumbi, mahali pa kupiga msasa bila kumkohoza jirani, na ghala lenye kufuli. Gogo halali lina kibali chake cha misitu, na likiibwa pamoja na karatasi zake, mtu amepoteza mtaji wa miezi. Ngoma nayo inahitaji ua mpana na makubaliano na majirani: saa ngapi ianze, saa ngapi inyamaze, na kwamba Ramadhani haipigwi. Hayo yote gofu lilikuwa linayatoa tayari, hata bila paa. Kugawa ua kwa kuta kungeua nusu ya kazi.

Suala la ghala si dogo. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilirudi nchini mwaka 2010 tu, baada ya kukutwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva. Kama makumbusho ya taifa yaliibiwa, chumba chenye mlango wa mabati Mikindani kina ulinzi gani? Wazee wa kikundi walipoulizwa wanataka kitu gani kwanza, walijibu ghala kabla ya paa.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika mada hii. Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, pamoja na ndugu zao wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma, ndiko shina la uchongaji ambao dunia inaujua. Wachongaji wengi walivuka mto enzi za ukoloni kufuata kazi za mashamba ya mkonge, na sanaa yao ikasafiri nao hadi Dar es Salaam. Huko ndiko Roberto Yakobo Sangwani alikojulikana kwa mtindo wa dimoongo, wa watu waliopandana kwenye gogo moja, ambao wengi huuita Ujamaa, na Samaki Likonkoa kwa mtindo wa shetani, wa maumbo ya mizimu. Leo mtu akitaka kinyago anaelekezwa Mwenge, soko la vinyago la jijini humo. Kijana wa Mtwara mwenye mkono mzuri anaambiwa apande basi, kana kwamba ufundi wa babu yake hauna pa kukaa kwao.

Tamasha la MaKuYa, lenye jina lililounganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeonyesha Mtwara kwamba watu wa kutazama wapo. Lakini tamasha ni la siku chache. Siku nyingine zote za mwaka ngoma inalala wapi?

Warithi

Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Familia ni ya Kiislamu na ilikubali kugawa kwa mafungu ya dini. Mjane anapata moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Ukiikata nyumba katika mafungu 48, mjane ana 6, kila mtoto wa kiume ana 14, kila wa kike ana 7.

Sasa tuseme nyumba ingeuzwa kwa shilingi milioni 60. Kila mtoto wa kiume angeondoka na milioni 17 na nusu. Tuseme ingepangishwa kwa 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka: mjane 300,000, wa kiume 700,000 kila mmoja, wa kike 350,000 kila mmoja. Kaka mkubwa anaishi Dar es Salaam, ana ada za watoto, na dalali amekwisha mpigia simu. Kumwita mchoyo si haki. Mwenye 700,000 ya mwaka mkononi na 17,500,000 masikioni atafanya hesabu ileile ambayo ungefanya wewe.

Dalali naye alikuwa na jicho kwenye kitu kingine: mlango. Ni mlango wa kuchonga wa zamani, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Kuung'oa na kuuhamisha si jambo la kupatana barazani, kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Kikundi kiliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa kueleza kwamba mlango upo, uko salama, na umepigwa picha. Barua ile ya ukurasa mmoja ilipunguza haraka ya mnunuzi kuliko mikutano yote.

Mtu wa kuzungumza naye hakuwa kaka, wala mjane, ingawa kila mmoja alikuwa tayari kusaini. Alikuwa binti mkubwa, muuguzi, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Nalisisitiza hili kwa yeyote anayesoma akiwa na kikundi chake kwenye nyumba ya urithi: mkataba uliosainiwa na mrithi mmoja, hata akiwa mkubwa kuliko wote, hauna miguu. Mwombe msimamizi barua yake ya uteuzi, uisome, utunze nakala.

Mwenyekiti wa kikundi, mchongaji mzee, alimfuata kwake.

"Shikamoo baba," alisema yule dada.

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba, na pole na maneno yake."

"Asante baba. Nikuulize bila kuficha. Nyie mkishatengeneza kuta na kuweka paa, si mtasema nyumba ni yenu?"

"Nyumba ni ya marehemu baba yenu, mwanangu. Sisi tunataka kivuli cha kuchongea, na tunataka iandikwe hivyo hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na itakayopotea hapa si yenu peke yenu, na jasho letu limo."

Hofu ya familia ilikuwa kuporwa, na hofu ya kikundi ilikuwa kufukuzwa. Karatasi moja inaweza kutibu hofu zote mbili, na ndiyo maana mazungumzo yale yalisonga.

Kwa nini asasi isinunue tu?

Mfadhili wa asasi, aliye nje ya nchi, aliuliza hivyo, na swali lilikuwa zuri. Mfano aliokuwa nao kichwani ulikuwa wa San Francisco. Mwaka 2013 ilianzishwa huko asasi inayoitwa Community Arts Stabilization Trust, kwa mtaji wa mwanzo wa dola milioni 5 kutoka Kenneth Rainin Foundation, wakati ambapo kampuni za teknolojia zilikuwa zikipandisha kodi na vikundi vya sanaa vikihama mji. Asasi hiyo hununua jengo, huwapangisha wasanii, na huwapa muda wa kukusanya fedha za kulinunua kwa bei iliyopatanwa tangu mwanzo badala ya bei ya soko la siku hiyo. Kikundi cha dansi cha CounterPulse kiliingia namna hiyo katika jengo la 80 Turk Street, na mwaka 2023 likawa mali yake.

Kiini cha mpango ule ni mtu mvumilivu kushika hati mpaka msanii aweze. Kiini hicho nakipenda. Lakini huwezi kukibeba kizima hadi Mikindani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa, kwa hiyo mfadhili wa nje hawezi kuja kununua kama mtu anavyonunua baiskeli. Pia kule asasi ilipanga bei isiyopanda kwa sababu yenyewe ndiyo mwenye jengo, na fedha ilizonunulia zilikuwa za hisani. Hapa mwenye jengo ni mjane na watoto wanne. Kuwaambia bei ya milioni 60 ibaki ileile kwa miaka kumi ni kuwataka wao ndio wawe wafadhili. Walipokataa, nilisimama upande wao.

Halafu tuna utaratibu wetu, na nashangaa haukutajwa na mtu yeyote hadi kikao cha tatu, ilhali tulikuwa pwani. Wakfu ni nini kama si mali iliyofungwa isiuzwe, faida yake iende kwa kazi iliyotajwa? Misikiti na visima vingi vya pwani hii vimesimama kwa njia hiyo. Kwa upande wa serikali, sheria ya usajili wa wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu kikundi kuwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na wadhamini hao wanaweza kushika ardhi na mikataba kwa jina lao la pamoja. Mwenyekiti akifa, akihama au akigombana na wenzake, hati haiendi naye nyumbani.

Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam iwe kumbukumbu kwa wanaosema haya ni makaratasi matupu. Ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, ikalea wasanii wengi, George Lilanga akiwa mmoja wao, Mmakonde wa kusini ambaye kazi zake zilizunguka dunia. Jina bado linatajwa kwa heshima. Mahali penyewe katikati ya jiji hapako tena mikononi mwa wasanii.

Walichopatana

Mkataba ni wa miaka 10, kati ya msimamizi wa mirathi kwa niaba ya warithi wote watano na wadhamini wa kikundi. Warithi wote walisaini ukurasa wa mwisho kama mashahidi, akiwemo kaka wa Dar es Salaam. Mkataba wa urefu huo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na usajili unadai kiwanja kiwe kimepimwa na chenye hati, jambo ambalo nyumba nyingi za mji mkongwe hazina. Kwa hiyo fungu la kwanza la fedha za asasi halikwenda kwenye paa. Lilikwenda kwa mpima ardhi, kwa ada za hati, na kwa usajili wa wadhamini. Kumshawishi mfadhili kwamba mawe manne ya mipaka ni kazi ya sanaa kulichukua barua nyingi, na naipongeza asasi ile kwa kukubali kuandika bajeti upya. Wengi hawakubali.

Fungu la pili lililipa pango la miaka 3 mbele. Hapo ndipo kaka alipotulia. Kwa hesabu yetu ya mfano, fungu lake la miaka mitatu ni 2,100,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji huikata na kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, anabaki na 1,890,000 kwa mkupuo. Si milioni 17, lakini ni ada ya mwaka ule.

Kifungu nilichokipigania kuliko vingine kinahusu ukarabati. Kila gharama ya kudumu inaandikwa kwenye daftari mbili, moja la familia na moja la kikundi, na familia ikivunja mkataba kabla ya miaka 10 inarudisha sehemu ya gharama kwa kadiri ya miaka iliyobaki. Paa la milioni 10 likivunjiwa mkataba mwaka wa nne kwisha, familia inadaiwa milioni 6. Bila kifungu hiki, hisani yote ni zawadi kwa mnunuzi ajaye.

Kuhusu kuuza, walipatana hivi: mrithi akitaka kuuza fungu lake, kwanza analitangaza kwa ndugu zake, jambo ambalo kwa Waislamu si geni, ni shufaa. Ndugu wasipoweza, wadhamini wanapewa siku 90, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa. Baada ya hapo yuko huru. Wengine kikundini waliona siku 90 ni chache. Mimi naona ni nyingi ikiwa mfuko wa kununulia umeanza mapema, na hazitatosha hata zikiwa 300 kama haujaanza.

Pango la kuanzia mwaka wa nne linalipwa mara moja kwa mwaka, mwezi Januari. Sababu ni korosho. Minnada mikubwa huanza Oktoba, na fedha hufika mikononi mwa wakulima kuelekea mwisho wa mwaka. Karibu kila mchongaji pale ana mikorosho yake au ya mkewe, na harusi na shughuli za unyago zinazowalipa wapiga ngoma hufuata fedha hiyohiyo. Kumdai mchongaji 5,000 kila mwezi wa Aprili na Mei, mvua ikinyesha na mfuko mtupu, ni kumfundisha kukwepa. Mdai 60,000 Desemba. Wanakikundi 20 wanatoa 1,200,000, nusu ya pango la mwaka. Nusu nyingine inatokana na kukodisha ua kwa harusi na mikutano, 100,000 kwa shughuli, shughuli 12 kwa mwaka.

Mpango huu una udhaifu wake. Korosho ikivurugika, kila kitu kinavurugika, kama msimu wa 2018 ambapo mzozo wa bei ulifanya serikali kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Ndiyo maana mkataba una kifungu cha mwaka mbaya: pango linaweza kucheleweshwa miezi 6 bila faini, mara moja tu katika kila miaka 3.

Ukuta wenyewe

Makadirio ya kwanza ya fundi yalikuwa ya saruji mwanzo hadi mwisho. Nyumba za mawe za Mikindani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta hizo zinapumua. Ukizifunika kwa saruji, unyevu na chumvi ya bahari vinanaswa ndani, plasta inavimba na jiwe linaoza polepole nyuma yake. Kwa macho ya mgeni kazi inapendeza miaka miwili. Tulisisitiza chokaa, tukiwa na bahati kwamba mji una mafundi waliowahi kushika kazi ya aina hiyo. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokuwa limechakaa, lilikarabatiwa na asasi ya Uingereza ya Trade Aid na kuwa hoteli, na hapo kuna funzo jingine pia: jengo la kale linasimama likiwa na kitu ndani kinacholilipia matengenezo.

Kwa hiyo kipaumbele kikawa ghala la zege lenye mlango wa chuma, lililojitenga na kuta za kale, kisha paa la baraza, kisha choo cha wanawake, kwa sababu mazoezi ya wasichana yalikuwa yanakatizwa na kukosekana kwake. Studio sita za andiko la mwanzo hazikujengwa. Kuna kijana mchoraji aliyezitaka sana na alihuzunika. Alipewa kona ya ghorofa ya juu yenye dirisha la kaskazini, na makontena, kama yale ambayo Nafasi Art Space ya Mikocheni imeyageuza kuwa studio tangu 2008, yamewekwa kwenye mpango wa baadaye. Bandari ipo karibu na kontena kuukuu si taabu kulipata, ila kwa joto la Mtwara lazima liwe na kivuli juu yake na matundu ya upepo pande mbili.

Mambo yaliyobaki wazi ni mawili. Mjane anaishi vyumba vya nyuma, nje ya gofu lenyewe, na mkataba unamhakikishia makazi hayo maisha yake yote bila kumkata kwenye fungu lake la pango, lakini haukusema nani atalipa matengenezo ya vyumba vyake. Kwa maoni yangu kilipe kikundi, maana mjane ndiye mlinzi wa usiku asiye na mshahara. Na mfuko wa kununulia mafungu, wadhamini walikubaliana kuutengea sehemu ya kumi ya mapato ya kila shughuli ya uani. Kwa shughuli 12 hiyo ni 120,000 kwa mwaka, na fungu la kaka ni 17,500,000. Pengo hilo ndilo asasi inatakiwa iliandikie andiko lake linalofuata, na iandike mapema, kabla miaka mitatu ya pango la mbele haijaisha na simu ya dalali haijalia tena.